"Inuka, ule": uzi wa Wakristo wa Unguja na Pemba tuliopita kwenye dhiki

Mama wa Mbweni (mleta uzi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna swali naulizwa mara kwa mara tukitoka ibadani, na wanaoliuliza zaidi ni vijana waliovuka maji kutoka bara kuja kufanya kazi mahotelini. Wanasema: mama, kila mhubiri anatuambia Mungu ni nguvu yetu, sasa hizo nguvu zinafikaje? Maana mtu amefiwa, au kasimamishwa kazi, au mtoto yuko wodini, anaomba usiku kucha na asubuhi anaamka amechoka vile vile. Nimeona nijibu kwa maandishi, kwa utulivu, na wenzangu muongeze ya kwenu.

Ninachoamini nakisema mapema. Mungu anatia nguvu, na mimi ni shahidi. Ila mara nyingi hatupi nguvu hizo kwa njia tunayoisubiri. Sisi tunasubiri moyo uchangamke, hofu itoke, mwili uwe mwepesi. Yeye analeta chakula, analeta mtu wa kukaa na wewe, analeta usingizi kidogo, na anakupa kiasi cha kukufikisha jioni. Ya kesho utapewa kesho, kama mana ya jangwani, ambayo aliyejiwekea akiba aliikuta imeingia mabuu.

Fungueni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya katoka kuwashinda manabii wa Baali pale mlima Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Malkia Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja tu wa kumtisha, na yule shujaa anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Halafu analala.

Angalieni Mungu anafanya nini hapo. Hamkemei. Hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anatuma malaika amguse na kumwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena! Na malaika hachoki, anarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kwa nguvu za chakula kile akaenda siku arobaini, mchana na usiku, mpaka Horebu. Yale mazungumzo mazito, ya upepo na tetemeko na moto na ile sauti ndogo, yote yalikuja baadaye, mtu akiwa ameshakula na ameshalala.

Wahubiri wengi wanaanzia kwenye sauti ndogo. Mimi natamani waanzie kwenye mkate.

Kuna na aya tunayoibandika kila mahali, hata kwenye vioo vya magari: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wafilipi 4:13. Tunaikata hapo, lakini Paulo hakukata hapo. Alikuwa kifungoni, na sehemu hiyo ya barua ni ya shukrani: kanisa la Filipi lilimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, ambaye mwenyewe aliugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Someni aya ya 14: "Lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami dhiki yangu." Anayesema Kristo anamtia nguvu ndiye huyo huyo anayeshukuru kwa kuletewa mahitaji. Hakuona kwamba kupokea mchango kunampunguzia Mungu utukufu.

Nalishikilia hili kwa sababu Wakristo wa visiwani tuna aibu moja mbaya. Tuko wachache, tunajuana, basi mtu akipata shida anajificha asije akasemwa kwamba Mungu wake kamwacha. Anakuja kanisani kanyoosha nguo, anaimba, anarudi kwenye nyumba isiyo na unga. Huyo tumemnyima mkate wake sisi wenyewe, kwa kutotaka kujua.

Naendelea hapo chini, nisije nikapoteza niliyoandika.

Mama wa Mbweni

Bibi yangu amezikwa Mbweni, kwa hiyo mniruhusu niseme kidogo habari za kwetu.

UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilinunua ardhi ya Mbweni mwaka 1871, na miaka iliyofuata wakawekwa hapo watu walioshushwa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Walikuwa wa makabila mbalimbali, wengine watoto wadogo kabisa, hawana baba wala shangazi katika kisiwa kizima. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaanza na mahubiri. Walihitaji nguo, paa, kipande cha kulima, mtu wa kuwaita kwa jina. Palikuwa na skuli pia, Mbweni kwa wasichana na Kiungani kwa wavulana. Mmoja wa waliopita Kiungani ni Cecil Majaliwa, mtoto aliyeonja utumwa, ambaye mwaka 1890 aliwekwa kuwa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile.

Na Mkunazini, pale Mji Mkongwe, mnapajua. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Tumepokea kwa wazee kwamba altare imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, na hapo sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Nyuma ya altare amelala Askofu Steere, aliyefariki 1882, yule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili chetu cha Unguja. Watalii wanapiga picha lile duara wanakwenda zao. Mimi nikiwa na uzito moyoni huwa naomba nikiliangalia, kwa sababu pale mtu halazimiki kujifanya hana maumivu. Waliopita pale walilia kwa sauti.

Sasa yangu. Nilikuwa dobi kwenye hoteli moja pwani ya mashariki. Machi 2020 wageni wakakatika kwa sababu ya korona, hoteli ikafungwa, tukarudishwa nyumbani. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa figo. Kitu kimoja kimoja kikatoka ndani kwenda kuuzwa: friji, kitanda cha wageni, viti. Mwaka haujaisha, akafariki.

Siku za msiba watu walijaa. Baada ya hapo nyumba ikanyamaza, na mimi sikuweza kuomba. Nikifumba macho maneno hayaji. Jioni moja jirani yangu wa mlango wa pili, bi mkubwa wa Kiislamu, akaingia na bakuli la uji wa pilipili manga na mkate wa kumimina kaufunika kwa kitambaa. Viti hakuna, akavuta mbuzi ya kukunia nazi akaikalia. Akaniambia, "Kula kwanza, mwanangu. Kulia utalia." Hakuondoka mpaka nimemaliza bakuli. Kesho yake jioni akaja tena, na keshokutwa.

Nilikuwa nimesoma habari za Eliya tangu Skuli ya Jumapili, lakini siku ile ndiyo nilizielewa. Na kumbukeni, kabla ya malaika, Eliya alishalishwa na mjane wa Sarepta, mwanamke asiye wa taifa lake, ambaye naye alibakiwa na konzi ya unga. Bwana Yesu mwenyewe alimtaja mjane huyo alipokuwa Nazareti, na watu wakakasirika. Mungu akitaka kumlisha mtu wake haombi ruhusa kwetu amtumie nani.

Baadaye akina mama wa kanisani wakapanga zamu ya kuja kulala kwangu, na kwa mchango wao nikapata cherehani. Sasa nashona sare za skuli. Mume wangu bado namlilia. Nasema hivyo kusudi, asije mtu akadhani nguvu za Mungu maana yake ni kusahau.

Karafuu na Makonyo

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Chake Chake.

Mama, mimi nilianguka mkarafuu. Wanaojua wanajua, ule mti matawi yake ni mepesi kuvunjika, na karafuu nzuri ziko nchani. Mguu ulivunjika vibaya, mpaka leo sipandi. Msimu ule ulikuwa mzuri, nasikia watu wanapita barabarani na mapakacha wamejaa na mimi nimelala ndani natazama paa. Nilikuwa na hasira na Mungu, siwezi kuficha. Nilimwambia, msimu wote huu umeuona, na siku ile ndiyo ukaichagua?

Kilichonisaidia ni watoto wa majirani. Jioni walikuwa wanamwaga karafuu barazani kwangu, wananiambia, babu, tuchambulie, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, weka huku. Nikawa nachambua nikiwa nimekaa, mguu kwenye kigoda, na wazazi wao wananilipa kwa pishi. Hawakuniambia neno la dini hata moja. Lakini mikono ikifanya kazi na kichwa kinapata nafuu, hilo nimeliona mwenyewe.

Huku Pemba Wakristo ni wachache kuliko Unguja, lakini si wageni wa jana. Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, walifika 1897, mwaka utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, wakafanya kazi na watu waliotoka kwenye mashamba ya karafuu. Mimi ni Mkatoliki, lakini nikipita upande ule huwa nawakumbuka.

Swali langu: ile hasira niliyomsemea Mungu, ni dhambi?

Mama wa Mbweni

Babu Karafuu, pole sana, na asante kwa kutuambia ukweli.

Hapana, sioni kama ni dhambi. Chukua Zaburi ya 13. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo ni maneno ya mtu anayedai, na Mungu ameyaweka kwenye kitabu cha sala ili tuyatumie. Zaburi hiyo ni fupi, aya sita, na mwishoni inageuka kuwa wimbo. Lakini ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa furaha mwishoni, na bado imo katika Biblia. Anayeisali bado anazungumza na Mungu. Hasira iliyosemwa mbele zake ni sala. Ninayemwogopea zaidi ni yule aliyenyamaza kabisa.

Nilipokosa maneno, Zaburi ya 13 ndiyo niliyoisoma kwa sauti kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Sikuwa najisikia chochote. Niliisoma tu, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yamekwisha na yale yalikuwepo.

Askari wa Msalaba

Mama unaandika vizuri lakini unateremsha viwango. Mkristo aliyejaa Roho hakai kwenye dhiki. Ukiona dhiki inakaa ujue kuna mlango umeufungua, au hujapanda mbegu ya sadaka. Watu wafunge, watoe sadaka ya kuvunja laana, wakemee. Uji wa jirani hauwezi kuitwa nguvu za Mungu.

Mama wa Mbweni

Ndugu yangu, nakujibu kwa upendo lakini nakujibu wazi, kwa sababu maneno hayo nimeona yanavyoumiza watu.

Soma 2 Wakorintho 1:8. Paulo anasema walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Je, Paulo hakujaa Roho? Sura ya 11 anahesabu viboko, mawe, njaa, baridi, na kuvunjikiwa jahazi mara tatu, mpaka akakesha kilindini. Sura ya 12 anaomba mara tatu mwiba uondolewe, na jibu analopewa ni hili: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba haukuondoka. Ulikuwa mlango gani huo alioufungua?

Tena wewe ni mtu wa visiwani. Unakumbuka Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, na Julai mwaka uliofuata MV Skagit karibu na Chumbe. Nenda kamwambie mama aliyempoteza mwanawe mle kwamba hakupanda mbegu. Huwezi, na ukiweza basi afadhali usiende. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya, na huo ndio wakati pekee waliomfaa. Walipofungua midomo kutafuta kosa lake, Mungu akawakasirikia.

Kufunga ni kwema, nami nafunga. Sadaka ni njema. Lakini mwenye njaa ukimdai sadaka ndipo apate nguvu, umegeuza kichwa chini. Malaika hakumtoza Eliya.

Na ule uji nasimama nao. Aliyesema "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula" ni Bwana mwenyewe.

Bint Jambiani

Assalam alaykum. Mimi Muislamu, nimeusoma uzi nikashindwa kupita bila kusema kitu. Dada wa Mbweni, Mungu amrehemu mzee wako.

Sisi wa mwani tunayajua hayo ya kupewa cha siku. Bahari imepata joto, ile aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei, inakufa kwenye kamba, inageuka nyeupe inakatika, unabaki na aina ya spinosamu ya bei ndogo. Unangoja bamvua, maji yakikupwa unakwenda, unachokipata ndicho. Mama yangu alikuwa akisema kumpelekea jirani chakula hakungoji kujua anasali wapi. Huyo bi mkubwa wako nampenda bila kumjua.

Mama wa Mbweni

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Nimemsomea ulichoandika. Amecheka, anasema uji bado upo, uje.

Mpishi wa Zamu

Samahani naingilia. Niko Nungwi, jikoni, kwetu ni Mbeya. Jumapili ndiyo siku ya wageni wengi, sijaingia kanisani muda mrefu sana, mpaka naona kama nimeshatoka kwenye hesabu ya Mungu. Baba alifariki Desemba sikupewa ruhusa ya kwenda kuzika. Silali. Hapo mliposema Eliya aliomba afe, nimesoma mara nyingi nyingi. Kuna siku nikimaliza zamu nakaa ufukweni nafikiria kuingia majini nisirudi. Sijamwambia mtu.

Mama wa Mbweni

Mwanangu, umeniambia mimi, na umefanya vizuri sana. Pole kwa baba. Kukosa kumzika mzazi ni jeraha, na aliyekunyima ruhusa hakukutendea haki.

Nisikilize. Leo usiku usikae peke yako, na ufukweni usiende. Kuna mtu wa zamu unayemwamini? Mwambie maneno hayo hayo uliyoyaandika hapa, usiyapunguze. Kesho uende hospitali, umweleze daktari kwamba hulali na unafikiria kufa. Hiyo ni hali inayotibika, na kwenda kutibiwa si kukosa imani. Ukipata pia mchungaji au padri, vizuri, lakini hospitali usiiache.

Hujatoka kwenye hesabu. Eliya naye alisema, "nimesalia mimi peke yangu," na Mungu akamwambia anao elfu saba, tena akamtajia Elisha wa kutembea naye. Jumapili ikishindikana, katikati ya juma watu wanakutana majumbani kusali. Hilo tutalipanga ukishapata usingizi. Sasa hivi nijibu tu: uko wapi, na uko na nani?

Wana uzi, aliye karibu na Nungwi ajitokeze.

Fundi wa Kendwa

Niko Kendwa, nafanya mabomba hoteli ya jirani. Kaka nimekuandikia pembeni. Niambie geti lipi, nakuja na pikipiki sasa hivi.

Mpishi wa Zamu

Nimeona. Niko geti la wafanyakazi, na mlinzi. Nimemwambia.

Askari wa Msalaba

Nimesoma hapo juu. Namuombea huyu kijana. Mimi niko Mkokotoni, kama kuna haja ya gari asubuhi nipo, mafuta ni yangu.

Fundi wa Kendwa

Niko naye kwangu. Kaongea sana habari za baba yake, sasa kalala. Nimemwomba msimamizi wangu ruhusa ya kesho, nitakwenda naye hospitali na nitabaki naye. Askari, gari tunaihitaji, saa moja asubuhi, nakutumia maelekezo.

Mama wa Mbweni

Asanteni. Mkifika mniandikie, hata kama ni neno moja. Na akiamka muulize, Fundi, kama ana dada au mama huko Mbeya ambaye angependa nimpigie. Asipotaka usimlazimishe. Mimi nitachukua daladala la Nungwi keshokutwa, nguo za watu nikishakabidhi, nije nikae naye.